Watu Wawili Ndani ya Ghala Tupu

5 Aprili

Na tena sikumaliza, Mjomba. Gari liling'oka ndiyo kwanza nafika kwenye la maana, nawe ukaweka kiganja nyuma ya sikio lako lililobaki, ukatikisa kichwa kwamba injini imenimeza. Basi namalizia hapa kwenye karatasi. Tangu mashine ya kupukuchua mahindi ilipokunyang'anya usikivu, simu kwetu ni kupigiana kelele tu, na dereva wa lori la ghala ameahidi kutubebea barua kila akipita.

Hujambo lakini? Mkaza-mjomba hajambo? Goti lake limekubali kupanda ngazi za sokoni? Mwambie kitambaa cha meza alichonishonea kimetandikwa, na mwenye nyumba amekishika pembe akauliza kimenunuliwa wapi. Nimemwambia hakinunuliki.

La maana lenyewe ni hili: nina furaha mpaka naona haya. Mmenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu, mkanisomesha mpaka kidato cha nne, ukaniombea ukarani hapo ghalani, na mimi shukrani yangu ni kuolewa na kwenda mbali. Halafu hata machozi ya adabu sikutoa. Asubuhi mafundi viatu walio chini yetu wakianza kugonga nyundo, mume wangu ananiwekea chai na kuifunika kwa kisahani isipoe, kisha anatoka. Akifika katikati ya ngazi anarudi kuangalia kama nimeionja. Anarudi na vifaa vyake vyote begani, Mjomba. Kuna mwanamke aliyewahi kurudiwa hivyo?

Ukutani tuna picha moja tu, na si ya harusi. Ni ya nukta. Ngoja nikueleze, maana siku ile ulikuwa nje unapanga magunia. Kile kihisi cha leza ambacho mume wangu alikuja kukifunga hapo ghalani kupima mahindi, na ambacho wao kwa lugha ya kazi wanakiita laida, kinatupa miale isiyoonekana na kupima inachukua muda gani kurudi, hivyo kila kitu kinageuka nukta kwenye kompyuta. Asubuhi nzima kilikuwa kimegoma. Waya mzima, taa ya kijani inawaka, na kimya. Kumbe kihisi na kompyuta anwani zao za mtandao hazikuwa za mtaa mmoja, kila mmoja anabisha hodi kwenye mlango wa watu. Yeye akaibadilisha ya kompyuta, na mara nguzo zikajitokeza, kuta zikajitokeza, nukta kwa nukta, kama mvua iliyosimama hewani. Nilishangaa mpaka nikamshika mkono bila kujua.

Akaingiza urefu kutoka sakafuni, akachora mipaka ili nguzo zisihesabiwe kuwa mahindi, akasema tupime kwanza kwa majaribio. Tukakaa wawili katikati ya ghala kwenye kreti iliyopinduliwa, tunagawana mkate, na hapo ndipo aliponiuliza kama nitakubali. Kihisi kilitupima nikiwa nasema ndiyo. Vichwa viwili vya nukta vimeegemeana! Baadaye tukatoka, akapima upya ghala likiwa tupu, kwa sababu lazima kifundishwe kwanza ghala tupu likoje ndipo kijue juu yake mahindi yameongezeka kiasi gani. Yeye akapanda kukaza skrubu, akaniita kutoka juu nihifadhi. Nikahifadhi, nikaichapisha ile yetu, nikaikunja kifuani.

Kitunzeni kile kihisi. Ndicho mshenga wetu.

Mpwa wako mwenye furaha isiyo na adabu.


27 Aprili

Kasuku wangu,

Barua imefika na alama ya kidole cha grisi. Nadhani dereva alitaka kuisoma akashindwa na urefu. Mkaza-mjomba wako hajambo. Goti lake linatabiri mvua kuliko redio, na hiyo ndiyo faida yake pekee. Kuku wako wa madoa ametotoa na ameshanidonoa mara mbili, sijui ananidai nini.

Usione haya kwa furaha. Mapenzi ni kikohozi, na hata mimi kiziwi nilikusikia ukikohoa tangu wiki ile ya kwanza fundi wako anavuta nyaya. Mtu gani anampelekea fundi maji ya kunywa juu ya paa? Tulikuwa tunakutazama tu, mimi na Kobe.

Kobe anakusalimia. Bado ndiye mpagazi asiyeangusha gunia hata moja, na bado hana haraka. Nilipowasomea wapagazi ile sehemu ya mshenga walicheka mpaka wakaketi, na sasa kihisi chenu kina jina. Kobe akiingia ghalani anakitazama juu anasema, "Shikamoo Mshenga." Vijana wakichelewa anawatisha kwamba Mshenga anawaona.

Kuna jambo dogo. Meneja ameniita ofisini. Kitabu changu kinasema yameingia magunia kiasi fulani, Mshenga anasema yamepungua manne. Nikamwambia mahindi yale nimeyahesabu mwenyewe langoni, gunia baada ya gunia, kabla hayajamwagwa. Akanigeuzia kompyuta nione. Nikasema mimi nukta sizijui, najua magunia. Akacheka. Sikukipenda kile kicheko, lakini huenda ni masikio yangu.

Sikuandikii uhangaike. Muulize tu mwenzio kama kinaweza kuwa na vumbi usoni, maana mahindi ya mwaka huu ni makavu, yakimwagwa hatuonani.

Mkaza-mjomba anasema unywe chai ikiwa moto, kisahani hakitoshi.

Mjomba wako.


14 Mei

Mjomba wangu mpenzi,

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akabisha ukuta. Shikamoo Mshenga! Mume wangu naye alicheka, halafu akaisoma tena hiyo sehemu kimyakimya, nikaona ameinamisha uso. Ana haya, huyu mtu. Ndiyo maana nampenda. Akiniita mbele ya watu anasema "huyu bwana," eti ndiyo mzaha wetu, na mafundi viatu sasa wananiita Bwana wa Juu.

Tumenunua kabati la vyombo la mtumba. Mlango mmoja haufungi, tumeuwekea karatasi. Mjue kwamba hata karatasi aliikunja yeye, mara nne, kwa uangalifu kama anafunga zawadi.

Kuhusu kile kihisi, amesema kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kisisuguliwe. Ameangalia kwenye mtandao kutoka hapa kama kinawasiliana na kama kipimo cha urefu kimebadilika, akaona kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo kifaa ni kizima. Nakuomba umweleze meneja hivyo hivyo, kwamba fundi amekagua na kifaa ni kizima, kwa sababu kampuni inafikiria kumwajiri moja kwa moja mwishoni mwa msimu, na ghala lenu ni mojawapo ya kazi watakazoangalia. Akipata, tutahama chumba hiki tupate chenye jiko lake. Naota jiko, Mjomba.

Sasa nikuambie la kwangu mwenyewe, yeye hajui naliandika. Mashine haina mjomba wala shangazi. Haipendelei mtu. Wewe unahesabu langoni, sawa, lakini kutoka langoni mpaka ndani wanabeba wengine. Una moyo mweupe, unawaamini watu kwa sababu mmezeeka nao. Kobe mwaka huu ameongeza chumba nyumbani kwake. Sisemi kitu. Nasema tu, mwenye macho haambiwi tazama.

Busu kwa mkaza-mjomba. Kuku mwambieni nakuja kumnyoosha.

Kasuku.


9 Juni

Kasuku,

Sisi wazima. Vifaranga wamebaki watano, mwewe kala wawili. Mkaza-mjomba amepata dawa ya kupaka ya goti, nyumba nzima inanuka kama gereji.

Nilimwambia meneja kama ulivyotaka, kwamba kifaa ni kizima. Akajibu, basi kama kifaa ni kizima, ubovu uko wapi? Akaniambia kikulacho ki nguoni mwako, mzee, jitazame.

Basi nikatazama. Jumatano wapagazi walipokuwa wanatoka nilisimama langoni, nikamwambia Kobe nione mfuko wake. Nilijaribu kulisema kama mzaha. Yeye hakulichukua kama mzaha. Akauweka mfuko chini, akaufungua mwenyewe. Taulo, na nusu ya mkate uliofungwa kwenye karatasi. Akasema, "Tazama na mifuko ya shati, ndugu yangu, usije ukabaki na shaka." Nikatazama, Kasuku. Mkono wangu uliingia kwenye mfuko wa shati la mtu niliyeanza naye kazi nikiwa sina hata ndevu.

Tangu siku hiyo anakuja, anabeba, anaondoka. Mshenga hapewi tena shikamoo. Chumba alichoongeza, niligundua baadaye, ni cha mama yake aliyeanguka bafuni.

Jambo linalonishangaza ni kwamba upungufu haubadiliki. Rundo likiwa limefika nusu ya ukuta, ni manne. Wanunuzi wakichukua likashuka, ni manne. Likijazwa tena mpaka karibu na paa, ni manne. Mwizi gani mwenye nidhamu namna hii?

Nimewaza sana, na naona huenda tatizo ni mimi. Juzi lori moja nimelihesabu mara tatu na mara ya tatu sikuviamini vidole vyangu. Nyumbani nimemwomba mkaza-mjomba anifiche vijiko kisha nitaje vimebaki vingapi. Nilipatia, lakini yeye alikuwa analia, kwa hiyo tumeuacha mchezo. Labda uzee kwa wengine huingia kwa macho, kwangu umeingia kwa hesabu. Mashine haina mjomba wala shangazi, ulisema kweli. Nimeanza kuiamini kuliko ninavyojiamini.

Msalimie mkwe. Nawaombea jiko.

Mjomba wako.


30 Juni

Mjomba,

Hamjambo? Sisi hatujambo. Barua yako imekaa mezani, nimekuwa nikiianza hii na kuichana. Dereva amepita mara moja nikamwambia sijawa tayari.

Nimeshona mapazia. Ni ya kijani. Mafundi viatu wamepata redio mpya na sasa tunaamka kwa nyundo na taarifa ya habari pamoja. Nilitaka kukueleza mengi kuhusu mapazia lakini naona hayana maana.

Nakuomba kitu kimoja, na usikichukulie wepesi. Usiseme umezeeka. Usimwambie meneja kwamba huviamini vidole vyako, wala usimwambie mkaza-mjomba. Hesabu zako ni nzima. Nina hakika nazo kuliko nilivyo na hakika na jina langu. Na Kobe, kama inawezekana, msogelee. Usingoje mpaka ijulikane.

Mambo yatakaa sawa karibuni. Usiniulize nimejuaje.

Karatasi za ajira ya mume wangu zinatiwa sahihi katikati ya Julai. Yuko hapa karibu nami, anakusalimia. Leo hasemi sana. Mimi pia, kama unavyoona.

Mpwa wako.


18 Julai

Kasuku,

Salamu kutoka kwetu wote. Mkaza-mjomba haendi sokoni wiki hii, na si kwa sababu ya goti.

Magunia manne yamerudi. Sijui yametoka wapi. Asubuhi meneja aliwasha kompyuta yake, na kitabu changu na kihisi vikawa vinasema kitu kimoja, kama vile hapakuwahi kutokea ugomvi. Nilipoitwa niliingia nikitabasamu. Nilidhani ananiita kuniomba radhi.

Akatutoa sote uani, wapagazi, makarani, hata wanunuzi wawili waliokuwa wanangoja mizigo. Akasema hivi: "Mwizi mwenye aibu ana nafuu. Nilimwambia mzee ajitazame, amejitazama, na mali imerudi." Akanyoosha mkono nimpe funguo. Nikampa, mbele yao. Ameniambia nikae nyumbani mpaka mahindi yote yauzwe mwisho wa mwezi, kisha mwenye mali ataamua kama nifukuzwe tu au nishitakiwe. Nikasema sikuchukua. Akaniuliza, kama hukuchukua, mbona yamerudi? Watu wakatazama chini. Ningekuwa mimi mmoja wao, nami ningetazama chini.

Kiti changu cha langoni ni changu mwenyewe, nilikinunua, nikasema sitakiacha. Kobe akakibeba kichwani mpaka nyumbani kwangu. Alitembea mbele yangu njia nzima, na mimi sikuwa na haki ya kumtaka aseme lolote. Alipokiweka barazani akakifuta vumbi kwa ile taulo yake, akaondoka.

Upungufu ule ningeweza kuubeba. Mtu akipungukiwa huitwa mzembe, au mzee, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukubali kuwa mzee. Lakini sasa nimekuwa mwizi aliyeogopa. Hilo sijui nilibebeje.

Ulisema nisikuulize umejuaje, na sikuulizi. Lakini wewe ndiye uliyekaa na kile kihisi. Niambie jambo moja. Magunia ambayo sikuyachukua, nimeyarudishaje?

Mjomba wako.


22 Julai

Mjomba,

Ningependa kuuliza hali ya mkaza-mjomba, lakini naijua, na mimi ndiye niliyeiharibu. Kwa hiyo salamu naiweka, nitaitoa mkiikubali.

Umeyarudisha kwa mkono wangu. Na kuyapoteza pia umeyapoteza kwa mkono wangu.

Nimejua tangu niliposoma barua yako ya Juni. Nilikuwa nimekaa chini ya ile picha ya nukta, nikafika pale unaposema rundo likiwa juu ni manne, likiwa chini ni manne. Nikainua macho. Kitu kisichobadilika rundo likipanda na kushuka kiko chini kabisa, sakafuni, katikati. Na sakafuni katikati nilikuwa nimekaa mimi, nimeegemea bega la mtu.

Mume wangu aliporudi nilimwomba afungue kihisi chenu kwenye mtandao, aangalie kimefundishwa ghala tupu lipi. Mara ya kwanza alikuwa ameangalia urefu na mawasiliano tu, hakuwaza kuangalia hilo, kwa sababu alijua amelipima tupu kwa mikono yake. Akafungua. Ghala tupu lilikuwa na watu wawili ndani, wanagawana mkate.

Ni mimi, Mjomba. Siku ile aliponiita kutoka juu ya ngazi nihifadhi, kompyuta iliniuliza kipimo kipi kitumike kama ghala tupu, vikiwa viwili, cha majaribio na cha pili. Sikusoma. Nilikuwa natazama miguu yake kwenye ngazi na kusema moyoni, ile miguu ni yangu. Niliona picha yetu, nikaogopa isije ikafutika, nikabonyeza hiyo. Basi kihisi kikaambiwa kwamba pale tulipokaa hapana nafasi, ni sehemu ya sakafu. Mahindi yalipofunika mahali petu hakikuyahesabu. Magunia yako manne ni mimi, mume wangu, kreti, na nafasi iliyokuwa nyuma yetu ambayo miale haikuifikia. Hayakuwahi kutoka ghalani. Yalikuwa yamekaa mahali ambapo tulikaa.

Yeye alicheka kwanza. Nami nikacheka. Kisha nikamsomea ile ya vijiko, na hakuna aliyecheka tena.

Sasa lile ambalo ningetamani nisiliandike. Kipimo cha pili kilikuwepo bado kwenye kompyuta, cha ghala tupu kweli. Alisema tumwandikie meneja. Mimi nikasema, na ajira yako? Wataona fundi aliyeacha mchumba wake achague kwa mahaba, hawatakupa. Nikamwambia badilisha tu kutoka hapa, nani atajua, magunia yataonekana na mjomba ataachwa na amani yake. Alikaa na mkono juu ya kibodi. Akaniuliza, "Na kuhusu mjomba wako, wataambiwa nini?" Nikamjibu, "Wataambiwa yapo." Siku kadhaa alikataa, nami nikawa namsukuma kwa upole, kwa chai, kwa machozi, kwa kila kitu ambacho mke mpya anacho. Mwishoni akabonyeza. Nikalala usingizi mzuri, Mjomba. Nataka ulijue hilo. Nililala nikijiona nimekuokoa.

Sikufikiri kwamba kitu kilichopotea kikirudi bila maelezo, watu watamtafuta aliyekirudisha.

Barua yako nilimsomea tukiwa tumesimama ngazini, kwa sababu dereva alitukuta pale. Nilipofikia mahali pa Kobe kufuta kiti, mume wangu akakaa chini kwenye ngazi na vifaa vyake. Hakunilaumu. Nilitaka anilaumu. Akaniambia, "Wewe mwandikie yeye, mimi ninao wa kwangu wa kuwaandikia." Ameshakwenda mwenyewe kwa wakubwa wake. Karatasi za ajira zilikuwa mezani zinangoja sahihi moja. Zimerudishwa kabatini, na ameambiwa asubiri nyumbani. Lori hili hili lina bahasha yake kwa meneja wenu, na ndani kuna vipimo vyote viwili, na siku kile cha uongo kilipoondolewa, na maneno kwamba kosa la kutokagua ni lake. Nilimwomba aandike jina langu kwenye kosa la kubonyeza. Ameliandika, lakini kwa herufi ndogo. Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye, na hata sasa akipita na taa moyo wangu unaruka, na naona aibu kuuacha uruke.

Lile la kubonyeza ningeweza kulisema kwa mtu yeyote. Watu hukosea. Ila ile barua ya tarehe thelathini, niliyokuandikia habari za mapazia. Niliiandika nikijua. Ulikuwa umeacha kuviamini vidole vyako, na mimi nilikuwa na maneno matatu ya kukuponya, nikayakalia kwa sababu nilitaka jiko. Wewe ulinifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi kwenye sinia, na nimekuacha ufichiwe vijiko.

Na Kobe. Chumba cha mama yake nilikitaja mimi, sikuambiwa na mtu. Usimweleze wewe. Asipate kuisikia kwako, atadhani unanitetea.

Dereva amesema mahindi ya mwisho yanapakiwa wiki ijayo, baada ya hapo ni kufagia. Ghala likishafagiwa mume wangu anataka kulipima upya, meneja na wapagazi wote wakiwa nje naye, wakitazama kwenye kompyuta wenyewe. Hiyo ni kazi yake. Kazi yangu ni nyingine. Wewe ulisemwa uani mbele ya wapagazi, makarani na wanunuzi, na mimi nitasema uani mbele ya wapagazi, makarani na wanunuzi, kwa sauti ya kufika kwenye sikio lako. Sitasema tulikosea. Nitasema nilijua nikanyamaza. Nakuomba usinikatize, na usicheke ili kunirahisishia, maana najua utajaribu.

Sijui kama utanipokea nyumbani. Tumeshamwomba dereva, atatuachia nafasi ya kulala ndani ya lori kama itabidi. Lakini uani uje, Mjomba. Hata kama hutaki kuniona, uje na kiti chako, ukae mbele. Tunaondoka na lori linalofuata, na kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimesimama hapo.

Mpwa wako.